Nyama Isiyo na Mfupa

Mutuini,
12 Septemba 2024

Dada Ngina,

Nakusalimu, na salamu nyingine umpe Shangazi Stellah ukimpigia simu. Muulize kama ng'ombe wake amezaa. Mimi ni mzima kiasi. Chakula kipo, kitanda kipo, na kila asubuhi tunapalilia sukuma wiki ya mwenye nyumba, ambayo inastawi kuliko sisi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu waliichukua siku ile ile uliyoniacha langoni. Ni siku tisini bila simu wala wageni. Barua zinaruhusiwa, na dereva wa hapa atakuletea zangu kibandani kwako kila Ijumaa akienda mjini kununua vitu, achukue na zako. Andika kwa Kiswahili. Mshauri wetu anaitwa Lornah, husoma kila kinachoingia na kutoka, hajui Kikamba, na asichokielewa hakipiti. Lornah, ukifika hapa, habari ya asubuhi.

Inachekesha kwamba kutoka hapa mpaka kwako Mountain View ni kama saa moja na nusu kwa miguu, na tunaandikiana utadhani niko Dubai.

Sasa yule ndege. Nilikuachia akiwa hali mbaya, najua. Mwewe mchanga si kifaranga cha kuku. Mpe nyama, vipande vidogo kama punje za mahindi, kwa kile kibano chako cha nyusi, kila baada ya saa tatu kukiwa na mwanga. Usimpe maji, kifua chake kina maji tayari. Akikohoa msimamishe wima mpaka atulie. Mlaze kwenye sweta yangu ya kijani.

Kuna mengine mawili. Mpigie bosi wangu Mwaura umwambie lolote ila ukweli. Kuosha vioo vya maghorofa ni kazi ya mtu mwenye kichwa kizima, na akisikia niko kwenye nyumba ya kuacha pombe hatanirudisha kwenye kamba. La pili, lango la hapa halina kufuli. Anayetaka kutoka anatoka. Nimemwambia Lornah, na wewe nakwambia: nikisikia ndege huyu amekufa, sina cha kungojea hapa. Nitatoka.

Mikono bado inatetemeka, utaona mwandiko.

Mdogo wako,
Musembi


Mountain View,
22 Septemba 2024

Musembi mdogo wangu,

Hujambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwandiko ni mbaya, lakini ulikuwa mbaya hata ukiwa darasa la nne, kwa hivyo usisingizie mikono.

Shangazi anakusalimu. Ng'ombe amezaa ndama dume, na Shangazi amemnunia kana kwamba alifanya kusudi. Binti yake Stacy ameposwa, harusi ni mwezi wa nne mwakani. Nimewaambia umepata kazi Kisumu. Mwaura naye nimemwambia uko Mwala unamuuguza mjomba. Ilibidi awe mjomba, maana babu nimeshamzika mara mbili kwa simu.

Ndege nimemwita Mgeni, kwa sababu sitaki kumzoea. Nambeba mjini ndani ya boksi la viatu, nampandisha ngazi mpaka kibandani, anakaa chini ya cherehani mguuni pangu. Nikifunga zipu moja namlisha, nikipunguza suruali namlisha. Kikohozi kimepungua, na ile harufu ya sabuni aliyokuja nayo imeisha. Sijui aliitoa wapi, lakini mjini hata mbwa siku hizi wananukia.

Wateja wakimwona wanauliza, na mimi nawasimulia vile ulivyojinyoosha nje ghorofa ya tisa ukamwokoa kiota kikianguka. Kuna mama alikuja kukata gauni tu akaishia kukuombea, macho amefumba, na foleni inangoja.

Na usidhani nampa takataka. Nanunua steki Kangemi, natoa mafuta, natoa mishipa, na ukijitokeza mfupa natupa. Muuza nyama anadhani nimepata bwana mwenye gari. Namkatia vile nilivyokuwa nikikukatia wewe. Unaukumbuka ule mfupa wa kuku uliokukwama ukiwa na miaka sita, mwezi mmoja baada ya Mama kuzikwa? Mimi nilikuwa na kumi na tatu, na nilikupiga mgongoni mpaka mkono ukafa ganzi. Tangu siku hiyo hujala kuku mkononi mwangu ambaye sijamtoa mifupa kwanza, na leo una miaka thelathini na moja.

Kaa huko. Ndege anaendelea.

Dada yako,
Ngina


Mutuini,
3 Oktoba 2024

Dada Ngina,

Salamu kwako, na Stacy mpe pongezi. Huyo bwana namjua? Kama ni yule wa kwaya, mwambie Shangazi amchunguze.

Mikono imetulia. Kilichobaki ni miguu, haitaki kukaa. Nazunguka uwanja huu mpaka mbwa wa mlinzi ameacha kunifuata. Lornah anasema nikae niandike yanayonisumbua, nami nakaa, naandika tarehe, nasimama tena. Mwewe wa huku wanazunguka juu ya mabanda ya kuku tangu asubuhi, na kila mmoja nikimwona nahesabu siku za Mgeni. Sasa anapaswa kuwa na wiki tano. Manyoya ya mabawa yametoka? Anasimama? Katika umri huu awe anasimama kwenye ukingo wa boksi akipiga mabawa.

Na tafadhali usiwasimulie watu. Ile hadithi ya ghorofa ya tisa, iache. Watu wa mjini wanaongeza chumvi.

Mwaura alisema nini? Nafasi yangu ipo? Mpigie tena.

Musembi


Mountain View,
6 Oktoba 2024

Musembi,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Mvua imeanza kuchungulia na huku kwetu Waiyaki Way kumekuwa tope na honi. Ni yule wa kwaya, na Shangazi ameshamchunguza, anasema ana sauti nzuri na hana shamba.

Nimempigia Mwaura. Mjomba bado ni mgonjwa. Mwaura amesema atangoja mpaka Desemba, lakini sauti yake haikunipendeza.

Ndege anakula vizuri sana. Amenenepa. Manyoya ya mabawa yametoka, ya kahawia, na jicho lake lina rangi kama chai ya rangi. Ananijua. Nikivuta droo ya uzi anafungua mdomo.

Juzi Nzau alipita kibandani, yule mnayefanya naye kazi. Hakuleta zipu wala suruali ya kutengeneza. Aliniambia ameachishwa kazi tangu mwezi uliopita. Nikamwonyesha ndege, akamtazama kwa muda mrefu, akauliza, "Na Musembi anaendelea aje?" Nikamwambia vizuri. Akaenda. Sikumuuliza mengi.

Kuna nguo za harusi tayari nimeanza kushona, kwa hivyo nakomea hapa.

Ngina


Mutuini,
17 Oktoba 2024

Dada,

Nilikuuliza kama anasimama. Umenijibu rangi ya jicho.

Jana nilifika langoni. Nilishika komeo. Usinifanye nilishike tena bila kujua.

Anasimama?

Musembi


Mountain View,
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Salamu zingoje leo. Shangazi ni mzima, ndama ni mzima, tuendelee.

Hasimami. Wiki ya tatu sasa. Nilikuwa naona miguu inateleza kwa nje kama ya chura, nikajiambia ni boksi linateleza, nikaweka kitambaa. Nikajiambia ni mvivu. Nikaongeza steki. Sikukuandikia kwa sababu uliniambia utatoka, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekushikilia huko kwa mkono mmoja na ndege kwa mwingine. Nimechoka mikono yote miwili.

Barua yako ilinifikia Ijumaa, na jana nilifunga kibanda nikampeleka kwa daktari wa wanyama kule Muthangari. Huko mbwa wanaingia na blanketi zao. Mimi niko na boksi la viatu na matope mpaka magotini, na mtu wa mapokezi akaniuliza kama nimeleta viatu. Daktari ni msichana mdogo anaitwa Kui, hana mchezo. Kwanza alinigombeza kwamba mwewe hafugwi nyumbani, ni ndege wa porini na sheria ipo. Kisha akamshika miguu, akaibonyeza kwa vidole viwili, polepole, na nikaona mfupa unapinda kidogo kama karoti iliyolala nje siku nyingi. Mgeni hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Kui akaniuliza, "Unampatia nini kula?"

"Nyama. Steki. Natoa mafuta, natoa kila kitu."

"Na mifupa?"

"Mifupa natupa. Isimkwame."

Akanitazama, si kwa ubaya. Akasema, "Mama yake angempea panya mzima, na ngozi na mifupa yake. Huyu ameshiba, hiyo siwezi kataa. Lakini hajawahi kula mfupa hata siku moja. Yake atatoa wapi?"

Ni matege, Musembi. Nimempa matege kwa steki ya kila siku, mimi mwenyewe, kwa kibano, kwa upendo. Ningekuwa nimemtupia shingo za kuku kama jirani mchafu, leo angekuwa amesimama.

Sasa nasaga mifupa ya kuku kwenye kinu, nachanganya na dawa ya unga aliyonipa Kui. Nampa vifaranga waliokufa wa siku moja, wazima, nawaokota kwa mtu wa kuku Kangemi. Nimemkunjia taulo kama kiota ili miguu isitawanyike, na asubuhi namweka kwenye jua. Kui anasema mifupa ya ndege mchanga inaweza kurudi au inaweza kuvunjika. Wiki tatu ndipo tutajua. Sina cha kukuongezea hapo.

Nilipotoka nilikaa kwenye ukuta wa mtu, boksi magotini, nikawaza. Chuo ulipokosa mtihani, nilienda mimi kumwambia mwalimu una homa. Bosi wa kwanza nilimpigia mimi. Wa pili, mimi. Mwaura, mimi, mjomba, babu, malaria, tumbo. Si kuku peke yake niliyekutolea mifupa. Nina hasira na nafsi yangu, na kidogo na wewe, kwa kuwa ulikula tu.

Kwa hivyo Mwaura simpigii tena. Na sitakuambia ndege ni mzima ili ukae, wala kwamba amekufa ili utoke. Lango umesema halina kufuli. Fanya utakavyo wewe.

Ngina


Mountain View,
10 Novemba 2024

Musembi,

Dereva amekuja Ijumaa mbili mikono mitupu. Ya kwanza alisema upo. Ya pili aliniambia niwaulize wenyewe, akawasha gari. Nimepiga simu ofisini kwenu, wanasema habari za mtu hazitolewi kwa simu.

Nimeharibu suruali mbili za watu wiki hii. Kila mtu mrefu akipita kwenye ngazi nageuka.

Mgeni yuko hai. Jana alijiinua kwa magoti ya nyuma, akakaa muda wa kuhesabu kumi, akaanguka. Leo amehesabu ishirini.

Kama barua hii itakukuta, andika. Hata tarehe tu.

Dada yako


Mutuini,
21 Novemba 2024

Dada yangu Ngina,

Nisamehe kwa kukuhangaisha. Niko, nala, nalala. Barua yako ya mwezi uliopita ilinifikia Ijumaa saa nane. Saa nane na nusu nilikuwa nje ya lango.

Nilitembea mpaka stendi. Pale kuna baa ya rangi ya kijani, na nje yake fundi viatu ana kiti cha wateja. Nilikaa kwenye kile kiti. Sikuingia. Naandika hivi Lornah akisoma, na alishanipima pombe, kwa hivyo unaweza kuamini. Niliisoma barua yako tena, na nilipofika pale pa Nzau kwenye ile nyingine, ambayo pia nilikuwa nayo mfukoni, nikaona siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma mpaka nimesema.

Hakuna kiota kilichokuwa kinaanguka. Kilikuwa kimekaa salama nyuma ya bango, ghorofa ya tisa, na mama yao alitutazama asubuhi nzima bila wasiwasi. Mimi nilikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimekunywa kabla hata ya kuvaa mkanda. Nzau aliniambia nishuke, nikakataa, nikausukuma ukuta kwa mguu ili jukwaa tulilosimamia, linaloning'inia kwa kamba, libembee, kwa mchezo tu, nione atafanya nini. Jukwaa lilipiga bango. Kioo kimoja kilipasuka na kiota kikapinduka. Vifaranga walikuwa watatu. Wawili walienda mpaka chini barabarani. Wa tatu alianguka ndani ya ndoo yangu ya maji ya sabuni.

Hiyo ndiyo harufu uliyokuwa ukiisikia, na hayo ndiyo maji yaliyokuwa kifuani mwake. Nilimtoa kwenye ndoo, basi. Hayo ndiyo maokozi yangu.

Mwaura alipouliza kioo, aliyekuwa ameshika usukani wa jukwaa ni Nzau. Mimi nilinyamaza. Nzau naye hakunisema, sijui kwa nini, labda alidhani nitasema mwenyewe. Nilikuletea ndege, ukanipikia, ukaniita shujaa, nikala.

Pale stendi niliazima simu ya mtu wa bodaboda. Namba ninazozijua kwa kichwa ni mbili, yako na ya Mwaura. Ya Mwaura imeandikwa mgongoni mwa ovaroli zetu, na kwa miaka minne nimekuwa nikiitazama mgongoni mwa Nzau. Nilianza kubonyeza yako. Nikafuta.

Mwaura nilimwambia yote, niko wapi, kioo ni cha nani. Kisha akasema, "Nzau nitamrudisha Jumatatu. Wewe usirudi." Nikamwambia sawa. Mwenye simu alikuwa amesikia kila kitu, akaichukua akaondoka bila kunitazama.

Nilirudi kwa miguu. Lornah alikuwa amesimama langoni. Aliningoja nivue viatu, kisha akanipima. Kwa kutoka nimeongezewa wiki mbili, basi nitamaliza tarehe 21 Desemba. Barua nilikatazwa kwa wiki tatu, na hilo ndilo liliniumiza zaidi, kwa kuwa nilijua unageuka kila mtu akipita kwenye ngazi.

Sina kazi, Dada. Na sasa unajua aliyekuwa chini ya cherehani yako alifikaje pale. Kama hutaki kunijibu nitaelewa. Lakini ukiweza, niambie tu anahesabu ngapi.

Musembi


Mountain View,
8 Desemba 2024

Musembi,

Shangazi hajambo, ndama ameachishwa, nguo ya Stacy imebaki pindo. Nimezitoa hizo kwanza nisije nikaanza na matusi.

Nilikasirika siku tisa. Niliwasimulia watu mia moja hadithi yako, na yule mama aliyekuombea amerudi mara mbili kuulizia shujaa. Mara ya pili nilimwambia ukweli. Alishikilia gauni lake pale, kisha akasema basi ataendelea kukuombea, ila sasa kwa jambo lingine. Wale wawili walioanguka barabarani bado nawafikiria. Sitajifanya siwafikirii.

Nzau alikuja na ovaroli yake, kutia zipu. Ulimwachisha mtu kazi kwa kunyamaza, na yeye akaja kwangu kuniuliza hali yako. Nilitaka kumwomba msamaha kwa niaba yako, maneno yakafika mdomoni, nikayameza. Hayo ni yako. Anatoka kazini saa kumi na moja, unajua pa kumpata.

Wiki ya pili baada ya barua yangu ya mwisho Mgeni alisimama. Si kwa magoti, kwa miguu yenyewe, kwenye ukingo wa boksi, mbele ya mteja aliyekuwa amevua suruali nyuma ya pazia akaogopa kutoka. Mguu wa kulia umenyooka. Wa kushoto umebaki na pindo kidogo, na Kui anasema hilo halitatoka tena. Alisema pia ameanza kunizoea mno, na akibaki kwangu hatakuwa mwewe wala kuku.

Jumamosi mimi na Kui tulimpeleka upande wa Limuru, kwa watu wanaotunza ndege wawindaji. Wana banda la wavu kubwa kuliko kanisa letu, na ndani kuna mwewe wengine watatu. Mtunzaji alinikataza kumwita. Nilisimama nyuma ya mti, mdomo nimeufunga kwa mkono. Walimwekea panya mzima juu ya gogo, mbali naye. Kibano changu kilikuwa mfukoni, na nakuambia kweli kilinichoma. Alilia kwa muda, akiangalia huku na huku, akinitafuta. Nilitamani kukimbia nimkatie yule panya vipande vidogo kama punje za mahindi.

Kisha akaruka. Aliruka vibaya, kama nguo iliyong'olewa na upepo kwenye kamba, akatua kwa ule mguu uliopinda, akayumba, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa bado amesimama. Akala, na kutoka pale nilipokuwa nilisikia mifupa ikivunjika mdomoni mwake. Wakisharidhika na mabawa yake watamwachia.

Nilirudi na boksi tupu na sweta yako. Nimeifua, lakini bado ina manyoya.

Sikiliza sasa. Tarehe 21 sitakuja langoni kukuchukua, wala sitatuma mtu. Sijamtafutia mtu yeyote kazi. Shangazi nimemwambia hukuwa Kisumu, na anangoja umwambie mwenyewe ulikuwa wapi. Kutoka huko mpaka kwangu ni saa moja na nusu kwa miguu, uliniambia wewe.

Nitakuwa nyumbani mchana kutwa, mlango wazi, na nitakuwa na wasiwasi, hilo siwezi kuliacha kwa barua moja. Nitapika kuku. Sitatoa mfupa hata mmoja.

Dada yako,
Ngina